Kabla hujatoa hela kwa kamera ya megapikseli 45, 61 au 100, pima hivi kwanza

Swali la megapikseli ngapi zinatosha (megapikseli moja ni pikseli milioni moja, zile nukta ndogo zinazounda picha) halichoki kurudi. Mmoja atasema 24 zinatosha maisha yote, mwingine atasema ukishaonja 61 hurudi nyuma, ubishi unakolea na aliyeuliza anaondoka mikono mitupu. Afu wengi wananunua hivyo hivyo, wanapiga kama walivyozoea, wakifungua kwenye kompyuta wanaona mbona ni zile zile tu, tena ukizumu ndo mbovu zaidi, basi wanaanza kuilaumu kamera.

Kamera ni nzima. Hawakupima tu kabla ya kununua, na sehemu kubwa ya kupima unaweza kuifanya na kamera uliyonayo sa hivi. Msimamo wangu niuseme mapema kabisa: megapikseli nyingi ni za mtu anayezimaliza alizonazo. Hatua ni 8, zifuate kwa mpangilio mana kila moja inategemea iliyotangulia, na ukikwama kwenye moja usiiruke, hapo ulipokwama ndo pana jibu lako.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kamera yako ya sasa na lenzi unayoitumia zaidi (sio ile nzuri ya kuazima, ile ya kila siku)
- Stendi ya miguu mitatu, imara, isiyotingishika ukiigusa
- Ukurasa wa gazeti wenye maandishi madogo, na gundi ya kuubandikia ukutani
- Folda ya picha za mwaka mmoja uliopita ambazo kweli zilitoka: ulimpa mteja, uliposti, uliprinti
- Kompyuta unayoeditia na programu yako ya kila siku
- Karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu
- Mwishoni kabisa, kamera unayoitaka, ya kukodi au kuazima kwa siku moja

## Hatua ya 1: Fuatilia picha zako zinaishia wapi

Fungua ile folda, chukua karatasi, chora safu tatu: skrini, printi ndogo (hadi A3), printi kubwa. Weka alama kwa kila picha iliyotoka. Usiandike unachotamani kufanya mwakani, andika kilichofanyika.

Kwanini tuanze hapa? Kwa sababu skrini inakula pikseli kidogo mno kuliko watu wanavyodhani. Skrini ya Full HD ni 1920 kwa 1080, yaani megapikseli 2 na ushee. Skrini ya 4K, ile ambayo watu wanaiona ndo mwisho wa reli, ni 3840 kwa 2160, kama megapikseli 8.3 tu. Kwa hiyo ukiposti picha ya 61 mtu akaiangalia kwenye simu, karibu zote zimetupwa njiani.

Kwa printi, kipimo cha ukali cha kitu kinachoshikwa mkononi ni nukta 300 kwa inchi. Kwa kipimo hicho:

- A4 inahitaji kama megapikseli 8.7
- A3 inahitaji kama 17.4
- A2 inahitaji kama 35
- A1 inahitaji kama 70

Ukiangalia hapo, kamera ya 24 inamaliza A3 na chenji inabaki. Na A2 haishindwi, inatoka kwenye nukta kama 240 hivi, mtu akiisimamia mbele kwa umbali wa kawaida hana cha kulalamika. Mabango makubwa ya barabarani ndo usiyataje kabisa kama sababu ya kununua, yale yanaangaliwa kwa mbali na huprintiwa kwa nukta chache sana kwa inchi.

Umefaulu ukiona: una namba kwenye karatasi. Kama safu ya printi kubwa ni tupu au ina alama mbili tatu, endelea na hatua ya 2 ila ujue kesi yako imeanza vibaya.

## Hatua ya 2: Soma upana wa picha, achana na jumla

Hapa ndo matangazo yanapowapiga watu. Kutoka 24 kwenda 61 inasikika kama umepata zaidi ya mara mbili na nusu. Lakini jicho halioni jumla ya pikseli, linaona ngapi zimepangwa kwenye mstari mmoja. Picha ya megapikseli 24 ina upana wa pikseli 6000. Sony A7R IV ya mwaka 2019, yenye 61, ina 9504. Gawanya: mara 1.58. Nikon D850 yenye 45.7 ina 8256, hiyo ni mara 1.38 tu. Ukitaka uone maelezo mara mbili kamili inabidi pikseli ziwe mara nne, yaani kutoka 24 uende 96, na hapo unaongelea mashine kama Fujifilm GFX 100 ya megapikseli 102 au Hasselblad X2D 100C, ambazo sensa zake (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ni kubwa zaidi, kama milimita 44 kwa 33, na zina lenzi zake peke yake.

Kwa hiyo chukua upana wa kamera unayoitaka, gawanya kwa upana wa kamera yako, andika jibu. Chini ya mara 1.4 tofauti utaitafuta kwa tochi. Simaanishi haipo, ipo, ila ni ya kuitafuta.

Na wale wa simu zenye megapikseli 200, tulieni kidogo. Simu kama Galaxy S23 Ultra kwa kawaida inaunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya kama 12. Namba ya megapikseli za simu usiilinganishe na ya kamera, havikutani kokote.

## Hatua ya 3: Hesabu unavyokata picha

Hii ndo sababu ya kweli ya watu wengi kuzihitaji pikseli, na ndo watu wanaisahau. Rudi kwenye folda. Kwa kila picha angalia faili la mwisho limebaki na upana wa pikseli ngapi baada ya kukata kingo.

Ukipiga ndege, wanyama, mpira ukiwa jukwaani, au vitu vidogo ambavyo lenzi yako haivifikii, utakuta umekata hadi nusu ya upana. Nusu ya upana kwenye 24 ni robo ya picha, umebaki na megapikseli 6. Kwenye 61 umebaki na 15. Hapo tofauti ni ya maana kabisa, moja ni ya kuposti nyingine inaenda A3 bila aibu.

Ila jiulize pia unakata kwa sababu gani. Kama unakata kwa kuwa lenzi ni fupi na huwezi kusogea, sawa, pikseli zitakusaidia. Kama unakata kwa kuwa ulikuwa na uvivu wa kupiga hatua mbele, sogea. Ni bure.

Umefaulu ukiona: umeweza kusema "kati ya picha 100, kadhaa zilikatwa hadi zikabaki chini ya pikseli nilizohitaji". Kama hakuna hata moja, hatua hii haikuongezei sababu ya kununua.

## Hatua ya 4: Jaribio la gazeti

Hapa kaa sana, usiwe na haraka, mana ndo kipimo kinachowaumbua watu wengi.

Bandika gazeti ukutani penye mwanga wa kutosha, likiwa limenyooka. Weka kamera kwenye stendi na urudi nyuma mpaka maandishi madogo yawe yanasomeka kwa shida ukizumu picha hadi asilimia 100 (pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini). ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/5.6 (namba ya f ikipanda tundu linapungua), taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitingishe, na kitulizaji cha mtikisiko kizime kwa sababu baadhi ya lenzi zikiwa kwenye stendi kinaleta mtikisiko chenyewe. Piga picha 5, kila moja fokasi upya.

Sasa toa kamera kwenye stendi, washa kitulizaji, simama pale pale, shika mkononi kama unavyopiga siku zote. Kama lenzi ni milimita 50, piga 5 kwa shata (muda kamera inaoacha mwanga uingie) ya 1/50 ya sekunde, 5 kwa 1/100, 5 kwa 1/200. Acha ISO ipande yenyewe.

Fungua zote kwenye kompyuta kwa asilimia 100 na utafute herufi moja tu, herufi "e". Angalia lile tundu dogo la juu la "e". Kwenye picha ya stendi utaona tundu liko wazi, karatasi inaonekana ndani. Kwenye za mkononi utakuta baadhi tundu limeziba, limekuwa kijivu, na ule mkia wa chini umeungana na mwili mpaka "e" inafanana na "o". Hizo zimetikisika au fokasi imekosa kidogo. Ukiiangalia picha nzima hutoiona hiyo, ndo mana wengi wanaamini wanapiga picha kali.

Kwanini ni muhimu? Kwa sababu tundu la "e" ndo aina ya maelezo unayoenda kulipia. Kamera ya pikseli nyingi ina pikseli ndogo zaidi: ya 61 kwenye sensa ya full frame (milimita 36 kwa 24) pikseli ina upana kama maikromita 3.8 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ya 24 ni kama 6. Mtikisiko ambao kwenye 24 uligusa pikseli moja, kwenye 61 unagusa moja na nusu. Ile kanuni ya zamani ya shata kuwa moja chini ya urefu wa lenzi, yaani milimita 50 kwa 1/50, kwa kamera hizi izidishe mara mbili, yaani 1/100, ndo uanze kulala usingizi.

Tahadhari, kuna uvumi hapa wa kuusahihisha. Watu wanasema kamera ya 61 "inaharibu" picha za mkononi. Hapana. Ukiprinti kwa saizi ile ile haiwi mbaya kuliko ya 24, inakuwa sawa nayo. Tatizo ni kwamba umelipa ili isiwe sawa nayo.

Umefaulu ukiona: angalau 4 kati ya 5 za mkononi, kwa shata unayoitumia kazini, zinalingana na za stendi. Ukipata 1 au 2, unayo kazi ya kufanya kwenye mikono, shata na fokasi, na hiyo kazi itakuongezea ukali mwingi kuliko sensa yoyote mpya. Simama hapa mwezi mzima kama ikibidi.

## Hatua ya 5: Isumbue lenzi yako

Gazeti bado liko ukutani. Rudisha kamera kwenye stendi na weka gazeti katikati ya fremu, piga f/2.8 (au tundu kubwa kabisa ulilonalo), f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Afu geuza kamera gazeti liwe kwenye kona, fokasi upya, rudia zote.

Utaona mambo mawili. Tundu likiwa wazi kabisa kona zinakuwa uji, zinapona ukifika f/5.6 au f/8. Na ukipita f/11 picha nzima, hata katikati, inaanza kulainika. Hiyo ya pili sio ubovu wa lenzi, ni tabia ya mwanga wenyewe, ukipita kwenye tundu dogo unatawanyika. Kwa f/11 nukta ya mwanga inatanuka hadi kama maikromita 15, ambayo kwenye 61 inafunika karibu pikseli 4 kwa upana. Kwa hiyo wewe unayepiga mandhari kwa f/16 kila siku ili kila kitu kiwe kwenye fokasi, sehemu ya zile pikseli unazozitamani hutoziona, hata ukinunua lenzi ya bei gani.

Kama lenzi yako inaziba tundu la "e" kwenye 24 ikiwa f/5.6 na katikati ya picha, basi lenzi ndo ukuta wako, badilisha hiyo kwanza. Na kama una filta ya bei chee mbele ya lenzi, itoe urudie kabla hujailaumu lenzi.

Umefaulu ukiona: kwenye namba za f unazotumia kazini, katikati ni kali sana na kona zinaridhisha.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya mafaili

Ukipenda boga penda na ua lake. RAW (faili ghafi la kamera, kabla ya kuedit) ya 61 isiyobanwa inafika karibu MB 120, ya 24 ni kama 48. Shughuli ya picha 800 inakuwa GB 96 badala ya 38 hivi. Zidisha mara tatu kwa sababu unatakiwa uwe na kopi tatu (unazo, eti?). Ukiipeleka kwenye Photoshop ukaisevu TIFF ya biti 16, layer (tabaka) moja tu ni zaidi ya MB 360, ongeza layer nne tano uone kompyuta inavyohema.

Usikisie, jaribu. Tovuti ya kamera ya DPReview wanaweka RAW za mfano za kamera nyingi za kupakua bure. Pakua kama 20 za kamera unayoitaka, ziingize kwenye programu yako, ziedit kama kazi ya kweli, weka saa. Ukiona kila ukivuta kitufe unasubiri, jumlisha kompyuta mpya, hadi diski na memori kadi za kasi kwenye bajeti. Bei ya kamera peke yake ni bei ya nusu njia.

Zipo nafuu: kubana faili bila kupoteza kitu, au kamera inayokuruhusu kushusha RAW, mfano Leica M11 unachagua 60, 36 au 18.

## Hatua ya 7: Jaribu njia za mkato

Kabla hujakodi chochote, jaribu hii. Simamisha kamera yako ya 24 wima kwenye stendi, funga fokasi na mwanga visibadilike, piga picha 3 ukizungusha kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikiingia theluthi kwenye mwenzake. Ziunganishe kwenye programu. Utapata faili la karibu 9300 kwa 6000, yaani kama megapikseli 56. Kwa mandhari na majengo yasiyo na watu wanaotembea, inatosha kabisa.

Angalia pia kama kamera yako ina uwezo wa kusogeza sensa na kupiga picha nyingi za kuunganisha. Olympus E-M1X ilitoa 50 kwa mkono mtupu kutoka kwenye sensa ya 20. Na Super Resolution ya Adobe, iliyokuja 2021, inazidisha pikseli mara 4. Hiyo ya mwisho itumie kwa akili, inakisia maelezo, haiyajui. Kwa picha ya mtu inapita, kwa picha ya mchoro au nyaraka usithubutu.

Ukijibiwa hapa, funga daftari, hela yako salama.

## Hatua ya 8: Kodi, piga, ficha majina

Umefika hapa bado unaitaka, basi kodi siku moja, usinunue mbuzi kwenye gunia. Piga kitu kile kile, mwanga ule ule, stendi, lenzi ya urefu sawa, kamera zote mbili. Piga pia kazi yako halisi kwa mkono.

Kosa linaloharibu jaribio hili ni kulinganisha zote mbili kwa asilimia 100. Hapo ya 61 itaonekana ina chenga (vidoadoa) nyingi zaidi kwenye ISO kubwa, na mtu anahitimisha "mbovu usiku". Umeizumu zaidi tu. Zishushe zote ziwe na saizi ya mwisho unayoitoa, ndo ulinganishe, na hizo chenga utaona zinakaribiana sana.

Printi mbili mbili kwa saizi unayouza, karatasi aina moja, andika jina la kamera kwa nyuma. Mpe mtu azichanganye, zibandike ukutani, simama umbali ambao mteja wako husimama. Chagua iliyo bora. Rudia na jozi nyingine, mwite na mtu asiyejua kamera achague.

Siku hiyo hiyo angalia na haya: ukipiga mfululizo inajaa ikasimama baada ya picha ngapi? Shata ya kimya ikipiga mtu anayekimbia, miguu haipindi? Sensa nyingi za pikseli nyingi zinasomwa polepole, ndo mana. Na kama unapiga nguo, piga kitambaa chenye nyuzi za karibu karibu uone kama haijaweka mistari ya mawimbi yenye rangi rangi, kamera nyingi za aina hii zimetolewa kile kichujio cha kulainisha mbele ya sensa.

Umefaulu ukiona: umechagua kamera ya pikseli nyingi mara nyingi bila kujua ni ipi, na ni kwa saizi unayoitoa kweli.

## Basi nani anunue

Anayepiga bidhaa studio kwa stendi na taa, anayenakili michoro na nyaraka, wa majengo na mandhari anayeuza A2 kwenda juu, na wa ndege aliyeona namba zake kwenye hatua ya 3. Hao sina ubishi nao, wanunue.

Wa harusi na matukio, mimi nasema hapana. Picha 800 kwa siku, mwanga hafifu, watu wanacheza, mteja anaishia kwenye simu na albamu. Ya 24 yenye fokasi ya haraka pamoja na lenzi nzuri inampa kazi bora. Wa video ndo kabisa, 8.3 zinamtosha 4K, na pikseli za ziada mara nyingi zinamletea usumbufu tu.

Ukiwa wa katikati, unapiga kila kitu kidogo kidogo, angalia namba za hatua ya 1 na ya 4 tu. Zote mbili zikisema ndio, nunua. Moja ikisema hapana, hela ipeleke kwenye lenzi.

Na ukinunua, weka shata ya chini kabisa ya ISO otomatiki iwe moja chini ya mara mbili ya urefu wa lenzi (milimita 50 iwe 1/100) siku hiyo hiyo, afu pima kila lenzi yako upya kwenye kona zote nne kabla muda wa kuirudisha dukani haujaisha, kwa sababu lenzi iliyopinda kidogo ambayo 24 ilikuwa inaificha, hii itaianika.